Jina la Ukoo Rebmann: Asili Yake na Uchache Wake (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Msomaji wa Kiswahili hukutana na jina Rebmann katika historia ya Rabai na ya mlima Kilimanjaro, kwa sababu ya mmisionari Johannes Rebmann. Ukurasa huu hauelezi safari zake. Unajibu maswali kuhusu jina lenyewe: lilitoka wapi, lina maana gani, wako wangapi wenye nalo, na namna ya kulifuatilia katika nyaraka za Ujerumani.

## A. Mambo ya msingi

Rebmann maana yake nini?

Ni jina la kazi. Sehemu ya kwanza, *Rebe*, ni mzabibu. Sehemu ya pili, *Mann*, ni mtu au mwanamume. Katika Kijerumani cha kusini-magharibi cha zama za kati, maneno hayo yakiunganishwa yalikuwa neno la kila siku la kumtaja mtu anayeishi kwa kulima mizabibu, na wengi wao kwa pamoja waliitwa *Rebleute*. Jina halisemi kwamba mwenye nalo aliuza divai, wala kwamba aliipenda kupita kiasi. Linamtaja yule aliyepogoa matawi, akafunga mashina kwenye miti ya kuyashikilia, na kubeba mgongoni udongo ulioporomoshwa na mvua ili aurudishe juu ya kilima.

Linatamkwaje?

Karibu na «Réepman». Herufi *e* ya kwanza huvutwa, *b* iliyo mwishoni mwa silabi husikika kama *p*, na *n* mbili za mwisho hutamkwa kama moja. Matamshi hayo yana umuhimu wake kwa mtafiti, kwa sababu makarani wa zamani waliandika walichokisikia (tazama sehemu ya D).

Je, Wajerumani wamekuwa na majina ya ukoo tangu zamani?

Hapana. Kwa muda mrefu mtu alikuwa na jina moja tu, la ubatizo. Miji ilipokua kuanzia karne ya 12, hasa kando ya mto Rhine na kusini, akina Johannes wakawa wengi katika mtaa mmoja, na waandishi wa mikataba, kodi na ardhi wakalazimika kuongeza neno la kuwatofautisha. Neno hilo lilichukuliwa kwenye jina la baba (Petersen), mahali mtu alikotoka (Schwab), mahali alipojenga (Bach, yaani kijito), umbo au tabia yake (Klein, yaani mdogo), au kazi yake. Polepole likaanza kurithiwa, hata na mtoto ambaye hakuifanya kazi ile.

Mabadiliko hayakufika kila mahali kwa wakati mmoja. Huko Ostfriesland, kwenye pwani ya kaskazini, watu waliendelea kutumia jina la baba lililobadilika kila kizazi, kwa utaratibu ambao msomaji aliyezoea «Juma bin Hamisi» ataufahamu bila kuelezwa, mpaka amri ya utawala wa Napoleon ya mwaka 1811 ilipowataka wachague ubini wa kudumu. Bavaria nayo ilipiga marufuku kubadili jina bila idhini mwaka 1677. Kusini-magharibi, nyumbani kwa jina letu, majina yalikuwa yamekwisha kushika mizizi mapema zaidi.

Kuna ushahidi gani kwamba maana ndiyo hiyo, na si kubahatisha tu?

Upo ushahidi mmoja mzuri kupita mwingine wote, nao umetolewa na mwenye jina mwenyewe. Mchungaji na mshairi wa Bern, Uswisi, Hans Rudolf Rebmann, aliyeishi kati ya 1566 na 1605, alifuata desturi ya wasomi wa wakati wake ya kuyavika majina yao vazi la Kilatini au Kigiriki. Alijiita Ampelander. Kwa Kigiriki *ampelos* ni mzabibu, na *aner*, ambalo katika mnyambuliko hugeuka *andr-*, ni mwanamume. Kwa hiyo, mwishoni mwa karne ya 16, mtu mwenye elimu aliyelirithi jina hili alilielewa sawasawa na tunavyolielewa sisi. Kwa majina mengi ya Kijerumani wataalamu hawana bahati ya kumpata shahidi wa namna hiyo, hukisia tu kutoka kwenye lahaja.

Kando ya hayo, shairi kubwa la Ampelander, lililotoka mwaka 1606 baada ya kifo chake, ni mazungumzo ya milima miwili ya nchi ya Bern, Niesen na Stockhorn. Miaka 242 baadaye Rebmann mwingine, asiyejulikana kuwa na udugu naye, akaandika habari za mlima wenye theluji karibu na ikweta. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza.

## B. Mahali lilikozaliwa

Kwa nini linapatikana zaidi kusini-magharibi?

Kwanza ni kwa sababu mizabibu yenyewe iko huko: kwenye bonde la Neckar katika Württemberg, Baden, Palatinate, Alsace, na sehemu za Uswisi. Lakini hiyo ni nusu ya jibu, maana mizabibu hulimwa pia kando ya mto Mosel na katika eneo la Franken, na huko mkulima wake ana jina jingine. Mosel na Rhine ya kati humwita *Winzer*. Franken humwita *Häcker*, kutokana na kazi ya kulima kwa jembe. Waswabi wa Württemberg husema *Wengerter*, yaani *Weingärtner* iliyofupishwa na lahaja. *Rebmann* lilikuwa neno la watu wa lahaja za Kialemani, yaani Kijerumani cha pembe ya kusini-magharibi na Uswisi, na miji yao ilikuwa na vyama vya kazi vya *Rebleute*. Vya Freiburg na Basel vinajulikana hadi leo.

Kwa hiyo mipaka ya jina haifuati mipaka ya zao peke yake. Inafuata mahali ambapo zao na neno vilikutana.

Je, akina Rebmann wote ni ndugu?

La. Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na jibu lake huwavunja moyo wengi. Jina la kazi huzaliwa popote palipo na kazi hiyo. Kijiji cha Baden kilikuwa na Rebmann wake, kijiji cha Alsace wake, na bonde la Uswisi wake, bila yeyote kati yao kumjua mwenzake. Familia mbili zenye jina hili zinaweza kuwa zimetokana na mababu wawili wasio na uhusiano wowote, na kinachoweza kuthibitisha udugu ni mfululizo wa rejista za ubatizo na ndoa, hatua kwa hatua. Kufanana kwa jina hakutoshi, hata kama ni jina la nadra.

Mfano ni Georg Friedrich Rebmann (1768–1824), mwandishi aliyeyaunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa, kisha akawa hakimu na kuongoza mahakama ya Mainz iliyomhukumu jambazi mashuhuri Schinderhannes mwaka 1803. Alizaliwa Sugenheim, Franken. Johannes Rebmann wa Rabai alizaliwa Gerlingen, karibu na Stuttgart, mwaka 1820. Kuwaunganisha hawa wawili na Ampelander wa Bern katika mti mmoja wa ukoo, kama wafanyavyo baadhi ya watengenezaji wa miti hiyo, ni kujenga nyumba bila msingi.

Reber, Rebstock na Weinmann ni jina lile lile?

Ni majirani kwa maana, si jina moja. Reber ni mtu wa mizabibu pia, kwa umbo jingine la lahaja zile zile. Rebstock ni shina la mzabibu, na mara nyingi lilitokana na nyumba au hoteli iliyochorwa mzabibu kwenye kibao chake. Weinmann huelekea upande wa divai na biashara yake. Tahadhari ichukuliwe kwa Rebhuhn, ambalo ni jina la ndege wa jamii ya kwale na halihusiani na zabibu hata kidogo, ingawa limeanza na herufi zile zile.

Baba yake Johannes Rebmann alilima mizabibu. Je, si uthibitisho kwamba jina lilitoka kwake?

Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa ya wakulima waliolima pia mizabibu. Lakini wakati huo jina lilikuwa limekwisha kurithiwa kwa karne kadhaa. Gerlingen kilikuwa kijiji cha eneo la mizabibu, na majirani wenye majina ya Schmid (mhunzi) au Weber (mfumaji) nao walipogoa mashina yale yale. Jina linaeleza kazi ya babu wa kwanza kuitwa hivyo. Kuhusu waliofuata halisemi lolote.

## C. Uchache wa jina

Ni la nadra kiasi gani?

Wenye jina hili Ujerumani huhesabiwa kwa maelfu machache, katika nchi yenye watu wapatao milioni 83. Kwa kulinganisha, Müller, jina linaloongoza, lina zaidi ya watu 600,000. Majina kumi yanayoongoza, kuanzia Müller, Schmidt, Schneider, Fischer na Weber, yote ni ya kazi au vyeo, kwa hiyo kuwa jina la kazi hakulifanyi jina kuwa la nadra. Kinacholifanya Rebmann kuwa chache ni kwamba kazi yake ilifanyika katika maeneo machache, na ndani ya maeneo hayo ilikuwa na majina mengi yaliyoshindana. Msagishaji wa nafaka, ambaye ndiye Müller, alihitajika kila kijiji, kutoka bahari ya Baltic mpaka milima ya Alps.

Neno «nadra» lenyewe litumiwe kwa uangalifu. Mtu wa Hamburg anaweza kumaliza maisha yake bila kukutana na Rebmann. Mtu wa viunga vya Stuttgart hatashangaa akiwa naye darasani.

Takwimu za majina ya Ujerumani hutoka wapi?

Chanzo kilichotumiwa zaidi na wataalamu ni orodha ya simu za mezani. Atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani, iliyotolewa kwa juzuu saba kati ya 2009 na 2018 chini ya Konrad Kunze na Damaris Nübling, ilijengwa juu ya laini zaidi ya milioni 28 za watu binafsi zilizokuwapo tarehe 30 Juni 2005. Tangu 2012 kazi ya kueleza maana za majina inaendelea katika kamusi ya mtandaoni inayosimamiwa na akademia ya sayansi na fasihi ya Mainz.

Laini moja huwakilisha nyumba, haimwakilishi mtu mmoja, kwa hiyo desturi ni kuzidisha idadi ya laini kwa karibu tatu ili kukadiria idadi ya watu. Jina lenye laini 500 hukadiriwa kuwa na watu wapatao 1,500. Kadirio hilo huwa zuri kwa majina makubwa na huyumba kwa madogo: familia moja yenye watoto sita, au wazee watano wanaoishi kila mmoja peke yake, hutosha kulipotosha.

Kwa nini kila tovuti hunipa idadi tofauti?

Kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Baadhi hutumia orodha za simu za mwaka fulani. Nyingine huchanganya orodha za wapiga kura, mitandao ya kijamii na makadirio, kisha huonyesha tarakimu kamili mpaka ya mwisho kana kwamba mtu alipita nyumba kwa nyumba. Baadhi huunganisha Rebmann na Rebman, nyingine huyatenganisha. Idadi isiyotajiwa mwaka na chanzo chake ni afadhali kuiacha.

Orodha za simu zenyewe zimezeeka, maana vijana wengi hawana simu ya mezani. Hiyo ndiyo sababu picha ya 2005 bado inathaminiwa: ilipigwa kabla watu hawajahamia kwenye simu za mkononi pekee.

Je, tunaweza kujua mtawanyiko wa jina miaka mia moja iliyopita?

Ndiyo, kwa njia ya huzuni kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Ujerumani ilichapisha orodha za askari waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea. Wafanyakazi wa kujitolea wa chama cha Ujerumani cha wanaofuatilia nasaba kwa kompyuta wameziingiza zote mtandaoni, maingizo yapatayo milioni 8.5, mengi yakitaja mahali alikozaliwa askari. Kwa jina la nadra, ramani inayotokana na orodha hizo mara nyingi huwa safi kuliko ya orodha za simu, kwa kuwa ilitangulia mahame makubwa ya baada ya 1945.

Jina la nadra linaweza kufa?

Linaweza, na mengi yamekufa. Mwaka 1873 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliuliza hadharani kwa nini majina ya koo kubwa hutoweka, na mwaka uliofuata yeye na Henry William Watson wakatoa jibu la kihesabu: jina likirithiwa kwa wana wa kiume tu, bahati peke yake, bila maradhi wala vita, inatosha kuimaliza mistari mingi. Jina lenye watu 600,000 halihisi pigo hilo, lakini lenye watu arobaini hulihisi.

Sheria zimebadilika tangu wakati huo. Kuanzia 1976 wachumba wa Ujerumani Magharibi waliruhusiwa kuchagua jina la mke kuwa la familia. Tangu 1994 kila mmoja anaweza kubaki na lake. Na tangu tarehe 1 Mei 2025 wanaweza wote wawili kubeba jina lililounganishwa. Jina la nadra sasa lina njia ya kuendelea kupitia kwa binti, ambayo zamani halikuwa nayo.

## D. Kulitafuta katika nyaraka

Nitafute kwa tahajia gani?

Tahajia ya majina haikutulia mpaka usajili wa serikali ulipoanza, Prussia mwaka 1874 na dola zima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo mtu mmoja anaweza kuandikwa Rebmann kwenye ubatizo, Rebman kwenye ndoa, na Repmann kwenye mazishi, kwa sababu ya matamshi yaliyoelezwa katika sehemu ya A.

Wanawake wana mtego wao. Vitabu vya kanisa vya zamani viliongeza *-in* kwenye jina la mwanamke, hivyo binti au mke wa Rebmann huonekana kama Rebmannin au Rebmännin. Hilo si jina jingine, na katika mti wa ukoo hurudishwa kwenye umbo la kawaida. Hatimaye kuna mwandiko wenyewe: katika hati za mkono za Kijerumani, *b* iliyoandikwa kwa haraka inaweza kusomwa *h*, na Rebmann akageuka Rehmann, ambalo nalo ni jina halisi la watu wengine. Ukikwama, soma ukurasa mzima ili ujue jinsi karani huyo alivyoziunda herufi zake.

Rejista zinaanzia mwaka gani?

Katika Württemberg ya Kiprotestanti, vitabu vya ubatizo na ndoa viliamriwa mwaka 1558. Vingi viliteketea katika Vita vya Miaka Thelathini, hasa baada ya kushindwa kwa Waprotestanti huko Nördlingen mwaka 1634, kwa hiyo parokia nyingi huanza kwa uhakika katikati ya karne ya 17. Kuanzia 1808 parokia za Württemberg ziliweka pia daftari la familia, ambapo baba, mama na watoto wote wako kwenye ukurasa mmoja. Anayechunguza jina la eneo hilo aanzie hapo. Huokoa miezi ya kazi. Nakala za kidijiti za vitabu vya Kiprotestanti hupatikana kwa malipo kwenye tovuti ya Archion, na vya Kikatoliki bila malipo kwenye tovuti ya Matricula, ingawa si vya parokia zote.

Ofisi ya usajili imekataa kunipa hati. Kwa nini?

Kwa sheria ya Ujerumani, rejista za vizazi hubaki ofisini miaka 110, za ndoa miaka 80, na za vifo miaka 30, ndipo hupelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka na kuwa wazi. Ndani ya muda huo, hati hutolewa kwa mhusika, mwenzi wake, wazazi, babu na bibi au vizazi vyake, na mtu mwingine lazima aonyeshe haki yake ya kisheria. Kuwa na jina moja na mhusika si haki.

Ndugu walihamia Marekani wakawa Rebman. Je, walibadilishiwa jina bandarini?

Hadithi ya maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, kuwabadilishia watu majina ni maarufu na haina ushahidi. Maofisa walitumia orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia. *N* ya pili ilidondoka baadaye, kwa mwalimu, mwajiri, au mwenye jina mwenyewe aliyechoka kulitaja herufi kwa herufi. Isitoshe, familia nyingi za Palatinate zilifika Pennsylvania katika karne ya 18, muda mrefu kabla ya kituo hicho kufunguliwa mwaka 1892. Kwa walioondoka kupitia Hamburg, orodha za abiria za 1850 hadi 1934 zimehifadhiwa. Za Bremen nyingi zimepotea.

## E. Maswali ya pembeni

Je, ni jina la Kiyahudi, kwa kuwa lina «Reb»?

*Reb* ni neno la heshima katika Kiyidi, na kufanana kwake na *Rebe* ni kwa sauti tu. Kama jina la ukoo, Rebmann lilikuwapo miongoni mwa Wakristo karne nyingi kabla Wayahudi wa Württemberg hawajatakiwa na sheria ya mwaka 1828 kuwa na majina ya kudumu. Dini ya familia fulani hujulikana kwa rejista zake, haisomwi kwenye herufi za jina.

Kuna nembo ya ukoo wa Rebmann?

Hakuna nembo ya jina lolote. Nembo ilikuwa ya mtu na uzao wake, na kama ilivyoelezwa katika sehemu ya B, hawa si uzao mmoja. Anayekuuzia nembo yenye kichala cha zabibu anakuuzia pambo la ukutani.

Johannes Rebmann aliacha kizazi Afrika Mashariki?

Hapana. Alifika mwaka 1846, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na akakaa pwani mpaka 1875. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, na mtoto wao pekee alikufa akiwa mchanga. Rebmann alirudi kwao akiwa amepoteza uwezo wa kuona, akisindikizwa na Isaac Nyondo wa Rabai, na akafariki Korntal mwaka 1876.

Basi Mwafrika mwenye jina Rebmann alilipata vipi?

Ubatizo wa misheni ulitoa jina la kwanza, na Isaac Nyondo ni mfano wake: alipewa Isaac, akabaki na Nyondo. Jina la mmisionari likipewa mtoto kwa heshima, kisha mjukuu akaandikishwa shuleni kwa jina la baba yake, ndipo huanza kuonekana kama ubini wa Ulaya. Njia ya kuthibitisha ni kitabu cha ubatizo cha kanisa husika. Kipimo cha vinasaba kinachotafuta ukoo wa Gerlingen hakitasaidia, maana kilichorithiwa hapo ni jina tu.

Nikitafuta intaneti napata barafu badala ya watu. Kwa nini?

Kwa sababu moja ya barafu za upande wa kusini wa kilele cha Kibo inaitwa Rebmann, na wapandaji mlima huitaja kila siku. Kwa jina la nadra, mahali pamoja maarufu hutosha kuwafunika wenye jina wote. Ongeza jina la kijiji au la parokia katika utafutaji wako, na usiitumie idadi ya kurasa zinazojitokeza kuwa kipimo cha idadi ya watu.